Siku Nilipomkabidhi Mama Richadi Masikio ya Sufuria

Wenzangu, aibu nyingine mtu anaificha mpaka anazikwa nayo, lakini hii yangu haifichiki, kwa sababu waliiona Watanzania, wakaiona Wakenya, wakaiona Wakongo na Wamarekani na gari la zimamoto, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia ikielezwa na Mama Furaha kila tukitoka kanisani (yeye anasema niliruka juu kwanza ndipo nikaanguka, sikuruka). Ni kweli nilimwaga ugali wa wakwe. Ni kweli nilikalia kachumbari. Na ni kweli kwamba nusura nimpoteze rafiki yangu wa pekee katika nchi hii, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana hayo mengine watu wameshacheka vya kutosha.

Mimi naishi na binti yangu Agnesi hapa Alexandria, huku Marekani, upande wa magharibi, kwenye yale majengo marefu ya kupanga. Agnesi anafanya kazi hotelini, mkwe wangu Yusto yuko kwenye maegesho ya magari, na mjukuu wangu Neema anasoma huku anafanya kazi, kwa hiyo asubuhi wakishatoka nabaki mimi na televisheni inayozungumza peke yake. Mlango unaotazamana na wetu ndipo anapokaa Mama Richadi. Jina lake ni Dorothi, lakini mimi siwezi kumwita mtu mzima mwenzangu jina lake kavu kavu namna ile, kwa hiyo tangu nilipojua ana mtoto anaitwa Richadi, basi, akawa Mama Richadi. Naye ananiita Bibi, akidhani ndilo jina nililobatizwa. Nilimwacha. (Nilibatizwa Anastazia, lakini walioniita hivyo wengi wao wameshatangulia.)

Mimi shule niliishia darasa la nne kule Muheza, na Kiingereza changu kinajaa kiganjani. Okey. Sori. Hoti. Koldi. Trabo. Na lile neno ambalo Mama Richadi analipenda kuliko yote, litobiti, yaani kidogo. Tunakaa wawili kwenye benchi la pale mlangoni, yeye anasema kwa lugha yake mimi naitikia, mimi nasema kwa yangu yeye anaitikia, na Neema akirudi mapema anatutafsiria tugundue kwamba tulikuwa tunazungumza mambo tofauti kabisa. Tunacheka. Yeye ananiletea keki ya ndizi, mimi nampelekea maandazi. Hivyo ndivyo nilivyopata rafiki uzeeni, bila kutegemea.

Sasa Mama Richadi kila kitu kwake kilikuwa litobiti. Lifti ilipoharibika tukapanda ngazi, akasimama katikati akishika ukuta, nikamuuliza kwa macho, akasema litobiti. Akanigongea na chupa ya achari nimfungulie, litobiti. Akashindwa kuinua mguu kwenye basi mpaka dereva akalishusha, litobiti. Mimi nikayaweka yote kwenye kapu la mambo madogo, maana niliwaza hivi: Wamarekani ni watu wa kusema kitu kilivyo, sasa mtu wa kusema kitu kilivyo akikwambia ni kidogo, wewe nani umwambie ni kikubwa?

Jambo moja tu nililijua kwa hakika, kwa sababu Neema alilitafsiri neno kwa neno. Richadi anakaa Manassas, kule reli inakoelekea, na kwa muda mrefu amekuwa akimwambia mama yake ahamie huko kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyo jirani naye. Mama Richadi hataki. Alimwambia Neema, "Nikiondoka hapa nitakuwa mtu wa kulishwa na kuogeshwa." Mimi nikasema moyoni haendi popote mtu huyu, kwani ana nini? Si hajambo tu?

Basi. Neema akapata mchumba, kijana wa Kikenya anaitwa Wafula, mtulivu, anafanya kazi Sterling kwenye yale majengo makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha. Wazazi wake wakasema watakuja kujitambulisha, na mama yake, Mama Nasimiyu, akapiga simu akaniambia mimi mwenyewe, "Nyanya, msijisumbue na mapochopocho. Mchele si chakula kwetu. Sisi bila ugali hatujakula." Nikampenda papo hapo.

Nyumba yetu isingewatosha wageni, kwa hiyo Yusto akaomba lile banda la bustani iliyo nyuma ya majengo yetu, lenye meza za mbao na bomba la maji. Agnesi akawa na mpango wake.

"Mama, ugali nasonga mimi juu nyumbani, kwenye sufuria ndogo ndogo, naweka kwenye hotpoti, Yusto anateremsha na lifti."

"Ugali wa hotpoti uwape wakwe?" nikamwambia. "Utoke jasho, ulowe, wadhani wamepikiwa cha jana?"

"Mama, huu ni mwaka gani?"

"Mwaka ambao mama yako bado yu hai."

Hapo ndipo nilipokosea, wenzangu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, sufuria moja badala ya nyingi. Nikamwendea Mama Furaha, Mkongo wetu wa ghorofa ya chini, ana sufuria ambalo ukimwogeshea mtoto mkubwa anaenea. Akanitazama mikono. "Mama, ile ni sufuria ya matanga, ya batu mingi sana. Utaiweza weye?" (Batu kwao ndio watu.) Nikamwambia nimesonga ugali wa misiba na harusi tangu hujazaliwa. Akacheka, akanipa, akanipa na mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe.

Siku ikafika, Jumamosi, jua zuri. Mama Richadi tulimwalika, ndiyo, tungemwachaje? Agnesi akamfunga kitenge juu ya suruali yake, akakaa kwenye kiti karibu na mimi, anatabasamu na kila mtu. Mimi nimewasha jiko la gesi, maji yamechemka, uji umeiva vizuri, unapasuka vipovu, sasa ni kutia unga na kusonga. Na ugali wa sufuria kubwa namna ile hausongwi na mtu mmoja. Mmoja anasonga, mwingine anashika masikio ya sufuria kwa matambara, analikaza lisizunguke. Kazi hiyo nilimpa Agnesi tangu asubuhi.

Basi si wageni wakaja! Walisema saa nane na saa nane wakaja, jambo ambalo hakuna aliyejitayarisha nalo. Agnesi bado yuko na nguo ya kupikia, akakimbia juu kubadili. Neema yuko ndani anafungwa kilemba. Mama Furaha anageuza samaki upande wa pili, mikono yote ina mafuta. Yusto anapokea wageni, "Karibuni, karibuni sana, karibuni wakwe," na mbele yao anatembea mjomba wa kijana, Mzee Barasa, msemaji wao, suti ya kijivu na viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona sura. Na mimi uji wangu unanipasukia mbele ya macho.

Nikaita, "Jamani, nani anishikie sufuria?" Hakuna aliyesikia. Kila mtu anasalimiana.

Mama Richadi akainuka. "Bibi, mimi nitakusaidia," akasema (hilo nililielewa, kwa sababu alishayachukua matambara). Nikasita kidogo, maana mgeni hafanyishwi kazi, lakini usoni mwake alikuwa na furaha fulani, kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kukaa sana kwenye foleni. Nikasema haya. Nikamkabidhi masikio ya sufuria.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu wifi yangu Asteria, la sivyo mtaniona mtu mkatili. Kule Muheza aliyekuwa akinishikia sufuria miaka yote ni Asteria, na Asteria ukitia unga wa kwanza tu anaanza, "Jamani nakufa! Niiteeni padri! Anastazia unaniua, watoto wangu utawalea wewe?" Ukitia wa pili anawataja marehemu wote wanaokuja kumpokea. Na muda wote huo mikono imekaza kama koleo. Ugali ukishaiva anajifuta jasho anacheza. Kwetu sisi kazi ngumu hupigiwa kelele tangu mwanzo, ndivyo inavyoendeka, na anayeshika mwiko anajua: maadamu mwenzako bado hajapiga kelele, hajaanza kuchoka. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nacho kichwani.

Nikatia unga. Mama Richadi akatabasamu akasema kitu. (Maneno haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu baadaye aliyarudia yote mwenyewe na Neema akanitafsiria, wakati ule nilikuwa naokota neno hapa na neno pale.) Alisema, "Oh, inaanza kuwa na moto kidogo." Mimi nikasikia hoti, nikasikia litobiti. Hoti na litobiti, nikajua ni vuguvugu. Nikamwambia, "Pole mama, pole eeh," huku nageuza mwiko.

Nikatia tena. Ugali ukaanza kuwa mzito, sufuria likaanza kuzunguka. Akasema, "Hii ni kazi kweli, au siyo?" na kucheka kidogo. Nikacheka na mimi. Nikamwambia, "Kaza hapo hapo!"

Nikatia tena. Akasema, "Sina hakika kama naishika vizuri sana." Kwa sauti ile ile, wenzangu! Sauti ya mtu anayeuliza kama chai ina sukari. Sikuinua macho. Mzee Barasa alikuwa ameshafika karibu nasi, amesimama kwa heshima, anasubiri nimalize ili amsalimie bibi wa nyumba.

Nikatia unga wa mwisho, ule wa kukamua nguvu zote, nikaegemea mwiko kwa mwili mzima. Nikasikia, "Sori." Nikasema, "Hamna shida!" Nikasikia tena, "Sori, Bibi, nadhani napata shida kidogo hapa," yaani trabo, na litobiti tena mbele yake. Trabo la litobiti, nikawaza, hilo nalo si trabo. Halafu nikasikia, polepole kabisa, kama mtu anayezima taa chumba cha mtoto aliyelala, "Okey."

Akaachia.

Mimi nilikuwa nimeegemea mwiko, na mwiko umeegemea sufuria, na sufuria sasa halijaegemea mtu. Likapinduka mbele. Ugali wote, mweupe, mzito, unafuka moshi, ukatoka kwa umoja wake kama mtoto anavyozaliwa, ukateleza kwenye nyasi na kusimama juu ya viatu vya Mzee Barasa. Na mimi mwiko ukaniponyoka, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikitafuta kiti cha Mama Richadi, nikakikosa, nikakipata kitu baridi. Lilikuwa beseni la kachumbari.

Watu wote wakageuka kututazama.

Mzee Barasa akaviangalia viatu vyake, havionekani. Akachomoa mguu mmoja, akachomoa wa pili, yote ina soksi tu. Kisha akaja kwangu, akainama akaniuliza, "Nyanya iko sawa? Haijaumia?" (Kwao bibi ni nyanya, na mimi wakati huo nimezikalia nyanya za kachumbari, kwa hiyo kwa kweli sikujua anauliza hali ya nani.) Nikamwambia ziko salama. Akageukia watu wake, akasimama na soksi zake kwenye nyasi kama mtu anayehutubia, akasema:

"Tulikuwa tunasikia Watanzania ni wakarimu. Lakini hii ya kupakulia mgeni mpaka kwa viatu, hii ni mpya!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Nasimiyu akaivua saa yake, akampa mume wake, akasema, "Unga upo? Agnesi yuko wapi? Twende juu tusonge ingine," na hivyo ndivyo uchumba wa Neema ulivyookoka, kwa sufuria ndogo ndogo na hotpoti, sawasawa na alivyopanga Agnesi (hajanikumbusha hata mara moja, ananiangalia tu).

Lakini mtu mmoja wa ghorofa za juu alikuwa ameona moshi na kikongwe chini, akapiga simu. Tukasikia king'ora. Gari la zimamoto, jekundu, kubwa, likaingia mpaka kwenye nyasi, wakashuka wanaume na mabegi. Majirani wote wakatoka. Mimi bado natolewa vitunguu kwenye sketi na Mama Furaha, anayerudia, "Nilisema mimi. Sikusema?"

Mmoja wa wale wa zimamoto, mtu wa makamo anaitwa Maiko (niliuliza, siwezi kuhudumiwa na mtu nisiyemjua jina), alinitazama mimi haraka akaona kelele zangu ni za afya. Akamwendea Mama Richadi. Nilikuwa nimemsahau! Mungu anisamehe, katika kuona aibu yangu nilimsahau. Alikuwa amesimama pembeni ya bomba la maji, mikono ameifumbata tumboni, anatabasamu, anawaambia watu samahani kwa chakula chao.

Neema alikuwa ameshafika, akasimama karibu yangu kunitafsiria.

Maiko akamuuliza, "Vipi mikono?"

"Haina neno. Inauma kidogo tu."

Mimi ningesema haya, pole, nikaendelea na mengine. Yule mtu hakuendelea na mengine. Alipiga magoti pale kwenye maji, akamwambia, "Kidogo kiasi gani?" na bila kusubiri akaichukua mikono yake akaifungua taratibu. Viganja vilikuwa vyekundu, vimevimba.

"Ulishikilia muda mrefu," akasema.

"Nilijaribu kumwambia," Mama Richadi akajibu. Hakulaumu. Alisema kama anaeleza hali ya hewa.

Maiko akamwagia maji, akaitazama mikono tena, akawa kama ameona kitu kingine. "Hivi vidole vilivyopinda. Vimekuwa hivi tangu leo?"

Mama Richadi akavitazama vidole vyake. Kisha, "Imekuwa ngumu kidogo kushika vitu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya baridi. Baridi ya kabla ya hii iliyopita."

"Jiko unawashaje?"

Hapo Mama Richadi akaangalia pembeni. "Nakula vile visivyotaka jiko," akasema. "Siyo mbaya sana."

Neema alipomaliza kunitafsiria hilo, nilisikia baridi mgongoni, na haikuwa kachumbari. Siyo mbaya sana! Nikaona ngazi, nikaona chupa ya achari, nikaona mguu uliogoma kupanda basi. Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu benchi moja, nimekula keki zake (za dukani, kumbe, nilidhani anazioka), na muda wote ule alikuwa anapiga mayowe mbele yangu, ila anayapiga kwa sauti ya kuombea chumvi mezani. Watu hawa hawaanzi na nakufa. Wanaanza na kidogo, mzigo unakuwa mzito wanasema kidogo, mikono inaungua wanasema samahani kidogo, na neno la mwisho kabla kitu hakijaanguka ni okey. Ukisubiri wapige kelele, utasubiri mpaka ugali uko chini.

Richadi akafika kabla wageni hawajaondoka. Maiko ndiye aliyempigia. Mtu mrefu, ametokwa jasho, uso wa mama yake mtupu. Akamshika mabega. "Mama, uko sawa?"

"Sijambo, mwanangu. Inauma kidogo."

Richadi akashusha pumzi. Nikamwona anaamini! Nikaona anataka kuamini, kama nilivyoamini mimi. Nikamshika Neema mkono.

Na Mama Richadi akanitazama. Wenzangu, mtazamo ule hauhitaji mkalimani. Alikuwa ananiomba ninyamaze, maana akijua Richadi, ni Manassas. Nami nilikuwa nimeshaelewa. Nikinyamaza, nabaki na jirani yangu. Nikisema, huenda nikabaki na mlango uliofungwa. Neema aliniuliza mara mbili, "Bibi, unataka nimwambie nini?"

"Mwambie," nikasema, "mama yake hawezi kuwasha jiko. Hawezi kufungua chupa. Ngazi zinamshinda. Mwambie nimeyaona yote kwa macho yangu na sikumwambia mtu."

Neema akasema. Richadi akamgeukia mama yake. "Mama, nakupigia kila Jumapili. Nakuuliza kila Jumapili."

"Na mimi nakwambia kila Jumapili," Mama Richadi akajibu, na sasa alikuwa analia kweli. "Nakwambia kila Jumapili, Richadi."

Yule mwanaume mkubwa akakaa chini kwenye nyasi.

Waliondoka pamoja kwenda kutazamwa ile mikono. Mama Richadi hakuniaga. Alirudi nyumbani kwake siku ya pili, nikasikia mlango, nikagonga na maandazi, hakufungua. Nikakaa benchini peke yangu siku ile, na iliyofuata, na juma likaisha. Agnesi akaniambia, "Mama, ulifanya sawa." Nikamwambia najua nilifanya sawa, kwani anayefanya sawa haumii? Nilikuwa nikimsikia Richadi akija na kuondoka, akija na kuondoka, na kila akija natega sikio kama kuna maboksi yanaburutwa. Usiniulize kama nilikula vizuri.

Halafu asubuhi moja nikagongewa. Nikafungua, Mama Richadi amesimama, mikono imefungwa bendeji nyeupe kama glavu za harusi, amevaa sweta limegeuzwa nje ndani. Tukatazamana. Nikangoja neno lake. Nilikuwa nimejiandaa, nimeapa kwamba likitoka lile litobiti nitalikamata kwa mikono miwili.

Halikutoka. Alivuta pumzi, akasema polepole ili nielewe, "Bibi. Siwezi. Naomba nisaidie."

Nikamvua sweta, nikaligeuza, nikamvisha. Nikampeleka kwake, nikawasha jiko lake kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, lilitoa harufu ya vumbi. Nikapika uji. Tukaunywa pamoja.

Bado yupo. Richadi amekubali wangoje. Kuna mama mmoja wa Kikenya, Mama Chebet, anakuja kumsaidia asubuhi, na jiko limekuwa langu, na baridi ikiingia wataangalia tena. Huenda akaenda. Sitaki kuwadanganya. Lakini safari hii akienda, itakuwa baada ya watu kumsikia.

Kuhusu mimi, nimeapa. Ugali wa harusi ya Neema atausonga Mama Nasimiyu na sitausogelea, hata mwiko sitauulizia uliko. Na mtu yeyote anayenishikia kitu cha moto, awe wa lugha gani, sitasikiliza mdomo wake. Nitainua macho nimwangalie mikono. Mzee Barasa nimemnunulia viatu, akavikataa, akasema vile vya zamani sasa vina historia.

Jana nilikuwa kwa Mama Richadi natengeneza chai. Nilipoinuka kuchukua maziwa goti langu likanishika, hili la kushoto, linanishika siku hizi, nikasimama nikishika meza. Akaniuliza, "Bibi, hujambo?" Hilo Neema amemfundisha.

"Sijambo," nikamwambia. "Sijambo kabisa."

Akaweka kikombe chini. Akanitazama mikono yangu juu ya meza, akasubiri.

Basi nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia.